Nilivyohitimu Upolisi Stesheni ya Likasi

Kila mwaka matokeo ya mitihani ya serikali yanapotoka, hakosi kijana wa kubisha mlango wangu hapa mtaa wa Kikula, Likasi, na kuniuliza: "Mama Leoni, nisome nini ili niingie polisi?" Wengine wametumwa na wazazi, wanakaa kwenye kiti kama watu waliokuja kuchomwa sindano. Wengine wameshajiona na kofia na miwani nyeusi. Hao wa miwani nawapa maji ya kunywa, nawauliza habari za nyumbani, nawaacha waende. Ninyi mliorudi mara ya pili nimeamua kuwaandikia, maana siku hizi sauti yangu inachoka kabla ya hadithi kuisha.

Jibu fupi ni hili. Ukiwa na diploma ya serikali unaweza kuandikishwa kuruta, ukapelekwa kambini kufundishwa gwaride, sheria, silaha na namna ya kumhudumia majeruhi, halafu unapanda vyeo pole pole. Au unasoma sheria chuo kikuu kwanza, unaingia upande wa upelelezi, unafanya kazi chini ya mwendesha mashtaka. Njia ya kwanza inachosha miguu, ya pili inachosha macho. Mimi nilianza ile ya miguu, miaka ile ya mwanzo wa tisini nchi ilipokuwa inaporomoka, na shule yetu iliporomoka pamoja nayo sisi wanafunzi tukiwa ndani.

Nitaandika Kiswahili cha kitabu kadiri ninavyoweza, ila watu wa Likasi nitawaacha wazungumze chao: bantu ni watu, bintu ni vitu, minye ni mimi, njo ni ndiyo, na bon ni haya. Na kwa kuwa vyombo vya usalama vya wakati ule vilikuwa na majina mengi, nitasema "polisi" tu, tusichoshane.

Baba yangu alikuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha shaba. Alitaka niwe mtawa. Nilipokataa, akasema basi niwe mwalimu, na mwalimu nikawa, mpaka shule za kiwanda zilipoanza kufunga milango. Nilikaa nyumbani nikiuza chumvi kwa vijiko. Siku moja nikasikia parokiani kwamba polisi wanaandikisha, na kwamba safari hii wanawake wanaweza kujaribu. Baba hakunisemesha mpaka Jumapili. Baada ya misa akaniambia: "Bon, wende. Lakini ukianza kuchapa bantu, usirudie kwangu."

Walinipa sare ya mwanaume mmoja mkubwa sana. Suruali nilikunja mara nyingi hata kwenye vifundo ilikuwa kama nimevaa mikate. Hivyo ndivyo nilivyosimama mara ya kwanza mbele ya Papa Ajida.

Jina lake lilikuwa Tshibangu. Ajida ni cheo chake, juu ya sajini, chini ya maofisa, na ndio cheo kinachofanya kazi yote. Alizaliwa Likasi. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai zamani za Wabelgiji kuja kuchimba mgodini. Yeye mwenyewe Kasai alikuwa ameiona mara moja, kwenye msiba. Alikuwa mfupi, mwembamba, na hakupiga kelele hata siku moja. Aliniangalia toka kofia mpaka vifundo, akasema: "Weye ni nani ndani ya ile suruali?" Darasa zima likacheka. Kesho yake mkewe, Mama Béa, akaniletea sindano na uzi.

Msidhani tulikuwa na vifaa. Bunduki za mazoezi zilikuwa za mbao. Rangi ya viatu ilikuwa haipatikani mji mzima, na ukaguzi wa Jumatatu haukujali hilo. Mwenzangu Kabwe, kijana mrefu mwenye akili nyingi za haraka, akagundua kwamba mafuta ya mawese yanang'arisha kiatu vizuri kuliko rangi. Tukapaka wote. Tulipoanza kutembea gwaride barabarani, mbwa wa mtaa walituona, wakatusikia harufu, wakaungana nasi. Mbwa mmoja alitembea mguu kwa mguu na Kabwe akimlamba kisigino, na Kabwe anaangalia mbele kama sanamu. Komanda wetu alikasirika. Papa Ajida alisema tu: "Mon commandant, leo tuko bengi kuliko jana."

Sasa niwaambie alichofundisha, maana ndicho mlichokuja kuuliza.

Kulikuwa na siku ya soko hapa Kikula. Tulikuwa kwenye mazoezi ya doria, yeye mbele, sisi nyuma. Tukakuta umati umemzunguka mtu aliyeangushwa chini, damu puani. Walisema ameiba baiskeli. Mmoja alikuwa anatafuta tairi la gari, na ninyi mnajua tairi ni la nini. Kabwe alishika filimbi. Papa Ajida akaushusha mkono wake. Hakwenda kwa mwizi. Alikwenda moja kwa moja kwa bwana mmoja mnene wa shati jekundu, muuza nyama.

"Bonjour, papa. Jina yako?"

"Minye? Kaumba."

"Papa Kaumba, minaona bantu bote banakuangalia weye. Njo weye mukubwa wa hapa?"

Kaumba akajinyoosha. "Kidogo."

"Uliona namna huyu muntu aliiba?"

"Niliona yote!"

"Bon. Kamata ile baiskeli. Tunaenda ku polisi, weye njo shahidi wa kwanza."

Baiskeli ilikuwa imekatika mnyororo na gurudumu limepinda, haisukumiki. Kaumba akaiweka begani. Tukaanza kutembea: mwizi katikati yetu, Kaumba nyuma na baiskeli, umati nyuma ya Kaumba. Jua lilikuwa la mwezi wa kumi. Kwenye kona ya kwanza wengine wakakumbuka meza zao za biashara. Kwenye mteremko wakabaki watoto. Tulipofika kituoni alibaki Kaumba peke yake, shati limeloa, anahema. Akamwita Papa Ajida pembeni: "Chef, haiwezekane tumusamehe tu?"

Kikula ilicheka wiki nzima. Lakini darasani Papa Ajida hakucheka. Alituambia kundi la watu halina masikio. Tafuta mtu mmoja wanayemwangalia, zungumza na masikio yake, halafu umpe kazi.

Kuhoji watu nako alitufundisha kwa namna yake. Wakati ule umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuwa unafika mjini unachechemea, kwa sababu nyaya zilikuwa zinakatwa na kuyeyushwa kuwa masufuria. Tukamkamata mmoja tuliyemshuku. Nilimuuliza: "Njo weye ulikata waya?" Akasema hapana. Nikauliza tena kwa sauti kubwa. Akasema hapana kwa sauti kubwa. Papa Ajida akavuta kiti. "Rafiki, jana mulikula nini ku nyumba?" Yule akasita. "Sombe," akasema, yaani kisamvu. Papa Ajida akatoka nje, mke wa yule mtu alikuwa amekaa kwenye ngazi, akamwuliza vile vile. Mama akajibu kwa fahari: "Kuku!" Kuku, mwaka ule, katikati ya juma! Hatukumgusa hata kwa kidole. Alitupeleka mwenyewe alikochimbia nyaya. Mwongo anajiandaa kwa kosa lake, wanangu, hajiandai kwa chakula cha jioni.

Na tukirudi kutoka huko, gari la polisi likagoma kuwaka. Tukashuka kusukuma, na mshukiwa naye akasukuma, kwa nguvu kuliko Kabwe. Lilipowaka akakimbia. Tukapiga kelele. Kumbe alikuwa anakimbilia kiti cha mbele. "Minye nilisukuma," akasema, "nitakaa mbele."

Ningeweza kuendelea hivi na mngecheka mpaka jioni. Lakini miaka ile haikuwa ya kucheka.

Ilianza na maneno. Kwenye redio, kwenye mikutano, kwenye foleni ya maji. Watu wa asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa kwa treni kujenga miji hii, waliitwa bilulu, wadudu. Wakaambiwa warudi "kwao". Nyumba zikaanza kuvunjwa milango. Jirani aliyekuazima chumvi jana, leo anasimama nje ya ua wako anaangalia mabati yako. Sisemi haya ili mchukie mtu. Nasema kwa sababu kazi ya polisi mtaijua siku kama hizo.

Asubuhi moja Papa Ajida hakuja darasani. Komanda aliingia, akasema amepumzishwa, tufungue somo la salamu za kijeshi. Tukafungua. Mchana mimi na Kabwe tukaenda kwake. Mama Béa alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka. Papa Ajida alikuwa juu ya paa anang'oa mabati yake mwenyewe, moja moja, kwa utaratibu, misumari anaiweka mdomoni.

"Papa, tutafanya nini?" Kabwe akauliza. Mama yake Kabwe alikuwa wa Kasai, baba yake Mlunda wa hapa Katanga. Miezi ile kila asubuhi aliamka hajui ni nusu gani ya mwili wake iliyo na haki ya kukaa.

Papa Ajida akatoa misumari mdomoni. "Mutashika ile ngazi," akasema. "Inacheza."

Maelfu ya watu walihamia stesheni kungoja treni. Walilala kwenye jukwaa, kwenye reli, kwenye uwanja wa mbele, chini ya maturubai na mashuka. Treni zilikuwa chache, na zilipokuja zilijaa mpaka juu ya mabehewa. Kipindupindu kilifika kabla ya treni nyingi. Sisi makuruta tukapelekwa kulinda pale, na rungu, bila mwalimu. Maagizo ya komanda yalikuwa mafupi: "Musimame pale. Musiumizwe. Bintu bya bantu, haiko kazi yenu."

Nilipopita kwenye jukwaa siku ya kwanza nilimwona Papa Ajida amekaa juu ya sanduku, koti la kiraia, mama yake mzee amemwegemea. Nilitaka kulia. Aliniangalia akasema: "Leoni, kofia yako imepinda." Nikainyoosha.

Siku ya tatu, saa za asubuhi, walikuja vijana wengi kutoka upande wa mjini, wanaimba. Walisikia kwamba wasafiri wana mabati na cherehani. Mbele alikuwa Mwape. Mwape nilimjua vizuri: tulifanya komunyo ya kwanza pamoja, akawa mchezaji mzuri wa mpira, halafu akawa hana kazi kama wote. Mimi, Kabwe na wenzetu wachache tulijipanga kwenye lango la jukwaa. Wakubwa wetu walikuwa wamekwenda "kutafuta maagizo".

"Leoni, toka mu njia," Mwape akasema. "Bintu bya hapa ni bya Katanga. Habitaenda."

Nilifanya nilivyofundishwa. Nikamsogelea yeye peke yake, nikashusha sauti. "Mwape, kuya hapa. Niko na kazi yako. Unisaidie kupanga bale batoto bakae mbali na reli."

Akacheka, na wenzake wakacheka. "Ile ujanja, ile mayele ya Tshibangu! Ile ya Papa Kaumba na baiskeli! Kikula yote inaijua. Minye sitabeba baiskeli, Leoni."

Wanangu, hapo ndipo masomo yangu yalipoishia. Nilichokuwa nimefundishwa nilikuwa nimekitumia, na kilikuwa hakina nguvu tena. Nilitazama nyuma. Papa Ajida alikuwa ameniona. Hakufanya ishara yoyote. Alimfunika mama yake kwa koti, akasimama mbele yake. Kabwe, pembeni yangu, alikuwa ameinua rungu. Nikajua kwamba tukipiga hata rungu moja, watatupita kama maji, na watu watakufa kwenye jukwaa lile, wakiwemo wa kwetu.

"Bon," nikasema. "Mutapita. Lakini mutapita na minye, moya moya. Na kila muntu atasalimia mwenye kintu mbele ya kukikamata."

"Kusalimia?"

"Sasa? Kwenu munaingiaka mu nyumba ya bantu bila hodi?"

Mmoja nyuma akacheka, na sijui kama alinicheka mimi au Mwape. Lakini Mwape hakupenda kile kicheko. "Bon," akasema. "Minye wa kwanza. Mungoje."

Nikamfungulia nafasi, nikatembea naye. Familia ya kwanza ilikuwa ya Mama Kalanga. Huyo aliuza mikate ya mafuta kwenye mlango wa kanisa tangu sisi watoto. Hakuna aliyefanya katekismu Likasi asiyekula mikate yake. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, kwenye mafiga ya mawe. Kando yake mabati mapya yamefungwa kamba.

"Salimia," nikasema.

"Jambo, mama," Mwape akasema, akiangalia mabati.

Mama Kalanga akainua kichwa. Moshi ulikuwa umemjaa machoni, akakunja uso mpaka akamtambua. "Aa, Mwape. Jambo, mutoto. Mama yako, mugongo inaendelea namna gani?"

Mwape akaacha kuangalia mabati.

"Inauma bado," Mwape akasema.

"Umwambie akunywe ile majani nilimupa. Asiache. Minye sitakuwa tena hapa ya kumuletea ingine." Akarudi kwenye sufuria yake, akaendelea kusonga.

Mwape alisimama. Aliinama akashika kamba ya mabati. Akaiachia. Akageuka, na aliponipita uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu. "Weye, Leoni," akaniambia, "uko mubaya." Hakurudi kwenye lango. Alitokea upande wa maghala, akaenda zake. Waliokuwa wanamngoja walimwona anaondoka mikono mitupu, wakatazamana, na wale wa nyuma wakaanza kupungua.

Msidhani wote waliondoka. Nilipokuwa namwangalia Mwape, kijana mmoja aliruka ukuta wa kushoto, akanyakua cherehani ya fundi mmoja, akakimbia nayo bila kusalimia mtu. Wawili wengine wakaondoka na mabati. Fundi alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika; cherehani ndiyo iliyokuwa mikono yake. Lakini asubuhi ile hakuna aliyepigwa, na hakuna aliyekufa kwa mkono wa mtu. Siku nyingine, mahali pengine, haikuwa hivyo.

Lango lilipokuwa tupu, nilikwenda kwa Papa Ajida, nikamsimamia wima.

"Kushoto uliacha wazi," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Ulikuwa unaangalia Mwape peke. Kundi likivunjika, njo bakati ya kuangalia pembeni."

"Ndiyo, papa."

"Ile ya kusalimia, minye sikukufundisha. Ulitoa wapi?"

"Nilikosa ingine, papa."

Akacheka. Mama Béa akageuka kumwangalia, maana kicheko kile kilikuwa kimepotea nyumbani mwao muda mrefu. Halafu akaniambia jambo ambalo sijalisikia tena katika shule yoyote, hata baadaye nilipopelekwa kwenye mafunzo mapya, ya wageni wenye mashine za kuonyesha picha ukutani, waliokuja kutufundisha haki za raia. Alisema: "Shule inakupa mayele ya mwalimu. Ikiisha ile, unabakia na ya kwenu. Polisi benye habana ya kwao, bunduki njo inafikiria mu nafasi yabo."

Nitawaambia sasa kilichompata, msije mkaning'ang'ania baadaye. Mama yake alifia njiani, wakamzika kando ya reli wakati treni imesimama kungoja kichwa kingine. Wengine walifika Mwene-Ditu, huko Kasai. Mafundi wa treni walituletea habari kwamba Papa Ajida anafundisha mazoezi ya viungo kwenye shule ya misheni, na kwamba watoto wa kule wanasimama wima kuliko askari. Alifia kitandani mwake, mzee. Kabwe alipanda mpaka ofisa, amestaafu, anafuga nguruwe. Fundi wa cherehani sikupata habari zake tena, na huyo namfikiria kuliko wote. Kituo chetu cha mafunzo hakikufanya sherehe ya kuhitimu. Kilifungwa, madawati yakawa kuni, na sisi tuliobaki tukapewa kazi bila cheti. Nimefanya kazi hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe, upelelezi, ofisi ya wanawake na watoto, halafu mwalimu wa makuruta.

Lakini turudi kwenye jukwaa: treni yao ilikuja mchana wa jua kali. Tulisaidia kupakia wazee na wagonjwa kwanza, ndivyo alivyotupangia yeye mwenyewe, akitembea kwenye jukwaa na koti lake la kiraia, na makuruta wote wanamtii kama vile hajavuliwa kitu. Alipanda wa mwisho wa familia yake. Hapakuwa na nafasi ndani, akasimama mlangoni, mkono mmoja kwenye chuma. Treni ikaanza kusogea. Hakuna aliyetoa amri. Kabwe alibana visigino, nami nikabana, na mstari wote ukabana, tukampigia saluti.

Papa Ajida hakuijibu, maana mkono wake wa kulia ndio uliokuwa umeshika chuma, na wa kushoto ulikuwa umemshika mama yake. Alituangalia tu mmoja mmoja, kama siku ya ukaguzi.

Komanda alikuja mbio. "Munapigia nani saluti? Ile ni raia!"

Kabwe hakushusha mkono. "Mwalimu yetu, mon commandant."

Komanda aliiangalia ile treni mpaka behewa la mwisho likapita. Halafu akasema kwamba kwa utovu wa nidhamu tutafagia jukwaa lote, na akaenda ofisini akafunga mlango.

Tukafagia. Majivu, maganda ya mahindi, sandali ya mtoto, kifuniko cha sufuria. Hatujafika nusu, familia nyingine ikaingia langoni: baba na godoro kichwani, mama na mtoto mgongoni, watoto wengine wameshikana mikono. Yule baba aliiona sare yangu akasimama ghafla. Akauliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kukaa pale.

"Inaruhusiwa, papa," nikasema. "Karibuni."

Nikaweka ufagio chini, nikashika upande wa pili wa godoro.